Breki za Motokaa: Jinsi ya Kuzifungua na Kuzirudisha

Watu wengi wakiisifu motokaa husifu mwendo wake. Husema, "Ina nguvu, yapanda mlima kama tambarare." Ni wachache waulizao, "Nayo husimamaje?" Lakini kwa fundi swali hili ndilo la kwanza. Motokaa isiyoondoka humchelewesha mwenyewe. Motokaa isiyosimama humwumiza yeye, na abiria wake, na mtoto avukaye njia.

Katika somo hili tutajifunza jinsi breki za magurudumu ya mbele zinavyofanya kazi, jinsi zinavyofunguliwa, na jinsi zinavyorudishwa. Kazi yenyewe ni ya mtu mzima aliyefundishwa. Lakini mzee aifanyaye nyumbani kwake mara nyingi huita kijana amsaidie, na kijana huyo aweza kuwa wewe. Basi soma kwa makini, maana kosa la breki halionekani uani. Huonekana njiani, wakati ambapo nafasi ya kulitengeneza imekwisha kupita.

1. BREKI NI NINI?

Ukitaka kuifahamu breki ya motokaa, itazame kwanza breki ya baiskeli. Ukiminya mkono wa breki, vipande viwili vya mpira huubana ukingo wa gurudumu kutoka pande mbili, na gurudumu hupunguza mwendo. Baada ya kushuka kilima kirefu ukingo ule huwa na moto. Maana yake ni kwamba mwendo haukupotea bure, bali umegeuka kuwa joto.

Motokaa nayo ni vivyo hivyo. Mahali pa ukingo pana sahani nene ya chuma iitwayo diski, ambayo huzunguka pamoja na gurudumu. Mahali pa vipande vya mpira pana pedi mbili, moja kila upande wa diski. Pedi ni bamba la chuma lililogandishwa juu yake kitu kigumu cha kusugulia. Na mahali pa mkono ubanao pana kalipa, yaani koleo kubwa la chuma liikumbatialo diski, ambalo ndani yake mna pistoni.

Joto la breki si dogo. Motokaa yenye uzito wa kilo 1,000, iendayo kilomita 72 kwa saa, ikisimamishwa mara moja huzaa joto liwezalo kuchemsha zaidi ya nusu lita ya maji ya mtungini. Tena mwendo ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Ndiyo sababu dereva mwenye busara ashukaye mlima mrefu, kama ule wa Kitonga katika njia ya Iringa, hutia gia ndogo, ili injini isaidie kulizuia gari na breki zisipate joto la kuzishinda.

Breki ya namna hii si jambo jipya. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski mwaka 1902, lakini ilikaa miaka mingi bila kuenea. Mwaka 1953 motokaa ya Jaguar yenye breki za diski ilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, huko Ufaransa, na watengenezaji wengi wakaona faida yake. Siku hizi karibu motokaa zote ndogo zina diski katika magurudumu ya mbele.

2. NGUVU YA MGUU HUFIKAJE GURUDUMUNI?

Mguu wa mtu mmoja wawezaje kusimamisha mzigo mkubwa hivi? Jibu limo katika kanuni aliyoieleza Mfaransa Blaise Pascal, aliyezaliwa mwaka 1623 akafa mwaka 1662. Alionyesha ya kuwa kitu cha majimaji kilichofungiwa chomboni kikisukumwa mahali pamoja, msukumo ule huenea kila upande sawasawa.

Dereva akanyagapo pedali, pistoni ndogo iliyo karibu na injini huyasukuma mafuta ya breki. Mafuta hupita katika mabomba membamba hata kufika kwenye kalipa, nayo huisukuma pistoni kubwa. Tuseme pistoni ndogo ina eneo la sentimita mraba 3, na ile ya kalipa sentimita mraba 21. Ya pili ni kubwa mara saba. Basi ile ya kwanza ikisukumwa kwa nguvu ya kilo 40, ya pili itasukuma kwa nguvu ya kilo 280.

Katika motokaa nyingi pistoni iko upande mmoja tu, yaani upande wa ndani. Huisukuma pedi ya ndani ikaibana diski. Hapo kalipa yenyewe huteleza juu ya pini mbili, ikaivuta pedi ya nje nayo ibane upande wake. Pini zile zikishika kutu, kalipa haitelezi, na pedi moja huisha upesi kuliko mwenziwe.

Yapasa kukumbuka jambo moja zaidi. Mafuta hayashindiliki, lakini hewa hushindilika. Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu lake kwa kidole, kisha sukuma: mkono wa pampu huingia, ingawa hewa haitoki. Hewa ikiingia katika mabomba ya breki hufanya vivyo hivyo. Dereva hukanyaga, pedali huzama, na gurudumu halijui habari.

3. DALILI ZA BREKI ZILIZOKWISHA

Pedi mpya ya motokaa ndogo huwa na unene wa kusugulia wa milimita 10 hivi. Ukibaki milimita 3, wakati wa kuibadili umefika. Pedi nyingi zina ulimi mdogo wa chuma ambao huigusa diski pedi ikikaribia kwisha, ukalia kwa sauti nyembamba. Huo ndio mwito wa kwanza. Asiyeusikiliza atasikia mwingine, mkwaruzo wa chuma juu ya chuma. Na hapo diski nayo imekwisha kuharibika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Dalili nyingine ni hizi: gari kuvuta upande mmoja likikanyagiwa breki; pedali kutetemeka; pedali kuzama kuliko desturi; na mafuta kupungua katika kichupa chake. Mafuta hupungua kidogo kidogo kadiri pedi zinavyolika, kwa kuwa pistoni husogea mbele na mafuta hujaza nafasi iliyo nyuma yake. Lakini yakipungua kwa ghafula, bila shaka yanavuja mahali fulani, na gari lisiendeshwe kabisa.

4. MATAYARISHO

Mahali pa kazi pawe tambarare na pagumu. Si mchangani wala mtelemkoni. Vyombo vitakiwavyo ni jeki, viegemeo viwili vya chuma vya kulishikilia gari, kabari za kuzuia magurudumu, spana, brashi ya waya, kipande cha waya mgumu, jiriwa ndogo ya mkono, na grisi maalumu ya breki isiyoyeyuka kwa joto. Pedi mpya ziwe seti nzima, za gurudumu la kulia na la kushoto, maana gari lenye breki nzima upande mmoja na kuukuu upande wa pili huvuta njiani.

Vumbi la breki lisipulizwe kwa kinywa wala kwa hewa ya pampu. Katika pedi nyingi za zamani mlikuwa na asbesto, ambayo ikivutwa pumuani huleta maradhi mabaya. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kilicholowa. Tena petroli isitumiwe kuoshea breki: huwaka upesi, na huharibu mipira.

Mafuta ya breki ni sumu, na yakimwagika huondoa rangi ya gari. Yakae katika chombo chake kilichofungwa barabara, kwa kuwa huvuta unyevu wa hewa, na mafuta yenye unyevu huchemka upesi. Yasitiwe kamwe katika chupa ya soda, asije mtoto mdogo akayanywa. Na mafuta ya injini yasitiwe mahali pa mafuta ya breki, hata kidogo, maana huvimbisha mipira yote ya breki na kuiharibu.

5. KUFUNGUA NA KUBADILI PEDI

Kwanza, gari litiwe breki ya mkono na gia, na magurudumu ya nyuma yawekewe kabari. Nati za gurudumu zilegezwe kidogo gurudumu lingali chini. Likiisha kuinuliwa litazunguka, na atakayelikaza spana aweza kuliangusha gari.

Pili, gari liinuliwe kwa jeki mahali palipoonyeshwa katika kitabu cha gari, kisha liwekwe juu ya viegemeo. Jeki ni chombo cha kuinulia, si cha kushikilia. Mtu asiingize mkono wala kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Gari lisukumwe kidogo kwa mkono. Likitikisika, lishushwe, lipangwe upya. Gurudumu likiisha kutolewa lilazwe chini ya ubavu wa gari, liwe kinga ya pili.

Tatu, kalipa ifunguliwe bolti zake za nyuma, au bolti moja tu ikiwa yaweza kuinuliwa kama mlango. Ikitolewa yote isiachwe ikaning'inia kwa mpira wake, maana mpira huo ndio njia ya mafuta, na ukichanika kwa ndani hakuna atakayeona. Ifungwe kwa waya kwenye springi.

Nne, pedi za zamani zitolewe, na mahali pa kila moja pakumbukwe. Fundi mwangalifu hufungua upande mmoja tu kwa wakati mmoja, ili upande wa pili uwe kielelezo chake akisahau. Diski nayo itazamwe: ikiwa na nyufa, au mifereji mirefu, au ikiwa nyembamba kuliko kipimo kilichoandikwa juu yake, ibadilishwe.

Tano, pistoni irudishwe ndani, kwa kuwa pedi mpya ni nene. Kifuniko cha kichupa cha mafuta kifunguliwe, pedi ya zamani iwekwe juu ya pistoni, na jiriwa ikazwe polepole. Hapa pana kazi ya msaidizi: akitazame kichupa, maana mafuta yanarudi juu na yaweza kumwagika. Wakati huu wote mtu asiguse pedali ya breki. Kalipa ikiwa wazi, pistoni itatoka nje.

Sita, pini zifutwe na kupakwa grisi kidogo, na pedi mpya zitiwe mahali pake. Grisi isiguse uso wa pedi wala diski. Kalipa irudishwe, bolti zikazwe kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Nati za gurudumu zianzwe kwa mkono, kisha zikazwe kwa kupokezana, moja huku na ya pili ng'ambo yake, si kwa kuzunguka kufuata jirani. Gari likishushwa zikazwe mara ya mwisho.

Haya yote ni ya magurudumu ya mbele. Katika magari mengine pistoni za nyuma hurudishwa kwa kuzungushwa kama skrubu, si kwa kusukumwa, na nyingine huendeshwa kwa umeme. Asiyejua ni ya namna gani asilazimishe.

6. KUBADILI KALIPA YENYEWE

Kalipa hubadilishwa ikiwa pistoni imeshikwa na kutu hata hairudi, au ikiwa inavuja mafuta. Kazi hii ni kubwa zaidi, kwa sababu mpira wa mafuta hufunguliwa na hewa huingia. Mpira ukiisha kufunguliwa uzibwe upesi, mafuta yasitoke yote. Pete za shaba zilizo kwenye bolti ya mpira ziwe mpya. Za zamani zimekwisha kubonyea, nazo huvuja.

Juu ya kalipa pana skrubu ndogo yenye tundu, ya kutolea hewa. Kalipa ya kulia na ya kushoto hufanana kama mapacha, na mara nyingine mtu aweza kuzibadilisha bila kutambua. Ishara ni ile skrubu: yapasa iwe juu. Ikiwa chini, kalipa imetiwa upande usio wake, na hewa, ambayo sikuzote hupanda juu ya mafuta, haitatoka hata mtu akanyage mchana kutwa.

Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili. Mmoja huketi mahali pa dereva; wa pili hukaa penye gurudumu, ametia mpira mwembamba kwenye skrubu na ncha yake katika chupa yenye mafuta kidogo. Wa chini husema, "Kanyaga!" Wa juu hukanyaga polepole, hujibu, "Nimekanyaga," naye hushikilia. Wa chini hufungua skrubu, mafuta na mapovu hutoka, huifunga. Ndipo asemapo, "Achia!" Mguu ukiinuliwa kabla skrubu haijafungwa, hewa hunyonywa ndani tena, na kazi huanza mwanzo. Hurudia hivyo mpaka mafuta yatoke safi bila povu. Kichupa cha juu kisiachwe kikauke, na mafuta yatiwayo yawe ya namna iliyoandikwa kwenye kifuniko chake.

7. MKANYAGO WA KWANZA

Sasa kazi yaonekana kama imekwisha. Vyombo vimekusanywa, mikono imenawiwa, na mwenye gari anashika ufunguo. Hapa ndipo penye hatari kuliko pote.

Kumbuka ya kuwa pistoni zilisukumwa ndani. Baina yake na pedi pana nafasi. Mkanyago wa kwanza hautabana diski. Utaijaza nafasi ile tu. Pedali itazama hata chini, na gari halitasimama. Mkanyago wa pili waweza kuwa vivyo hivyo. Ikiwa mikanyago hiyo inafanywa uani, gari limesimama na injini imezimwa, haina madhara yoyote: baada ya mara chache pedali huwa ngumu chini ya mguu. Lakini ikiwa mkanyago wa kwanza unafanywa gari likirudi nyuma kuelekea njiani, ni msiba.

Kwa hiyo kabla ya ufunguo kuzungushwa, pedali ikanyagwe mpaka iwe ngumu, na ishikiliwe kwa nguvu kitambo kidogo. Ikizama polepole, pana mahali panapovuja. Ikiwa laini kama mpira wa kuchezea, pana hewa. Katika hali zote mbili gari halitoki. Kisha mafuta yatazamwe tena katika kichupa, na gari lijaribiwe kwa mwendo wa mtu atembeaye, hapo hapo uani. Siku za kwanza dereva aende taratibu na asikanyage breki kwa ghafula isipokuwa kwa lazima, ili pedi mpya na diski zizoeane. Baada ya kilomita 100 hivi nati za magurudumu zikazwe tena.

Wewe msaidizi, huna nguvu za kukaza nati, wala hukuitwa kumfundisha mzee kazi yake. Lakini una macho, nawe hukuchoka kama yeye. Panga bolti katika bakuli zisipotee. Hesabu vyombo. Na mzee akiketi mahali pa dereva, simama mahali akuonapo, umwulize kwa adabu, "Baba, pedali imekuwa ngumu?" Mzee mwenye akili hatakasirika. Ataweka mguu wake juu ya pedali, atakanyaga, naye atakujibu akiwa na yakini.

MASWALI

1. Eleza kwa nini diski hupata moto gari likisimamishwa.

2. Pistoni ndogo ina eneo la sentimita mraba 3, na kubwa sentimita mraba 24. Ndogo ikisukumwa kwa nguvu ya kilo 50, kubwa itasukuma kwa nguvu ya kilo ngapi?

3. Fundi amekuta pedi ya ndani imekwisha, na ya nje ingali nene. Atazame nini?

4. Kwa nini skrubu ya kutolea hewa yapasa iwe juu ya kalipa? Jibu kwa kutumia mfano wa mapovu katika chupa ya maji.

5. Jirani yako amebadili pedi, naye yuko tayari kuondoka. Taja mambo matatu ambayo ungependa kuyajua kabla hujapanda garini mwake.